Siku Niliyompandishia Baba Mkubwa

Jumapili, Kilosa. Jua limezama sasa hivi nyuma ya milima, kuta bado zina joto la mchana, na mimi nimekaa uani kwa Baba Mkubwa naandika haya harakaharaka kabla sijaitwa kula.

Niseme kwanza lililonileta hapa. Leo nimemdanganya Baba Mkubwa. Nimemdanganya mchana kweupe, yeye akiwa barazani kwake, mimi nikiwa nyuma ya nyumba yake, tumbo limejaa wali wake. Na sijajisikia vizuri hivi kwa muda mrefu sana.

Wanaonisoma siku zote wanajua kwamba nacheza poka kwenye simu. Kwa mgeni nieleze kidogo tu. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, halafu karata nyingine tano zinafunuliwa katikati ya meza kidogo kidogo, na kila hatua mnawekeana chipu. Ukiwa na karata nzuri unapandisha, wenzako wanakufuata au wanatupa karata zao. Ukiwa na karata mbaya unatupa wewe, au unazuga, yaani unapandisha kana kwamba unazo. Utamu wote uko kwenye kuzuga. Chipu zetu ni za bure, hazinunuliwi wala haziuzwi. Baba Mkubwa aliliuliza hilo kabla hajagusa simu, na ilibidi Shabani aape.

Shabani ni mtoto wa Baba Mkubwa, mdogo kwangu, anauza simu Morogoro. Ndiye aliyetufungulia meza ya ukoo kwenye programu hiyo. Alifanya hivyo kwa ajili ya mzee. Baba Mkubwa alikuwa mtu wa reli, miaka mingi alikaa stesheni ya Kidete, na alipostaafu akahamia hapa Kilosa mjini, ambako kila alasiri alikuwa anatembea kwenda kucheza karata na wenzake wa reli. Sasa goti limekataa, na wenzake wenyewe wamepungua. Shabani akaona heri karata zimfuate nyumbani.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya swala ya Alasiri tunakutana mezani watu wanne. Baba Mkubwa yuko Kilosa. Shabani yuko Morogoro. Shangazi Mwajuma, dada mdogo wa Baba Mkubwa, yuko Masanze, na inabidi apande kwenye kichuguu nyuma ya shamba lake ndipo mtandao ushike. Mimi niko Mikumi, mapokezi ya gesti iliyo kando ya barabara kuu, naangalia funguo huku nacheza.

Na kwenye meza hiyo nimekuwa nikipigwa vibaya.

Ajabu ni kwamba kwingine kote nashinda. Nikiingia kwenye meza za watu nisiowajua, wa huko duniani, nawapandishia, nawazuga, nawatoa mmoja mmoja, na mara nyingi nafunga meza nikiwa wa kwanza. Nimejifunza kwa bidii, nimetazama video mpaka bando likaisha kabla ya siku zake. Lakini Jumapili ikifika nageuka mtu mwingine. Nikawa najiambia ni bahati mbaya, itapita.

Jumapili iliyopita mchezo ulipoisha, Baba Mkubwa akatuma sauti kwenye kundi letu la familia. Alikuwa ameshinda tena, kama kawaida. Akasema kwa sauti yake ile isiyo na haraka, "Jumapili ijayo itakuwa yangu ya mwisho. Nimeshinda vya kutosha. Mtabaki salama." Shangazi akajibu kwa kucheka, akasema kaka yangu kwa majivuno hujambo. Shabani akaweka vikatuni vya kikombe cha ushindi.

Mimi niliumia. Nilielewa kwamba tunacheza ovyo kiasi kwamba mzee amechoka nasi. Nikaapa haondoki huyu bila kupigwa hata mara moja, na atakayempiga ni mimi.

Ndiyo maana wiki hii nzima nimekuwa mwanafunzi wa makosa yangu mwenyewe.

Baada ya chakula cha mchana gesti yetu inalala. Madereva wa malori waliolala kwetu wameshaondoka kuelekea Tunduma, wa jioni hawajafika, na nyani wamekaa kando ya lami wanasubiri gari lenye ndizi. Ni saa zangu. Programu yetu inatunza kila mchezo tuliocheza, unaweza kuurudisha na kuutazama upya, karata zako, nani alipandisha, nani alitupa na alichukua muda gani kufikiri. Sikuwahi kuitumia sehemu hiyo. Nani anapenda kujitazama akipigwa?

Nilianza nikiwa na visingizio tayari. Karata mbovu. Mtandao. Kioo cha simu yangu kina ufa. Wageni wanaokuja kuomba sabuni mchezo ukiwa umenoga. Nilitegemea marudio yatanitetea.

Nikafungua mchezo ulioniuma zaidi. Nilikuwa na ree mbili. Ree ndiyo karata kubwa kuliko zote, na kuanza na mbili ni bahati inayokuja kwa nadra sana. Mtu akizipata anajizuia asicheke mbele za watu. Baba Mkubwa akapandisha. Mimi nikatupa.

Nikarudisha nyuma nikatazama tena, nikidhani kidole kiliteleza. Hakikuteleza. Nilikuwa najiambia siku ile kuna mgeni aliita nikamkimbilia, lakini saa ya mchezo inaonyesha nilitupa papo hapo, bila hata kufikiri, kama mtu aliyeshika sufuria la moto.

Kwa nini nilitupa ree mbili?

Nikafungua mchezo mwingine, na mwingine. Shabani akipandisha, namfuata, namrudishia, yaani napandisha juu yake, namsumbua mpaka anakimbia. Shangazi akipandisha, nasita, halafu natupa. Baba Mkubwa akipandisha, natupa. Sio mara nyingi. Kila mara. Nilitafuta hata mchezo mmoja ambao niliwahi kumrudishia Baba Mkubwa, nikatafuta mpaka mgeni mmoja akanigongea kaunta mara tatu akidai ufunguo wake, sikuupata.

Hapo ndipo nikatazama wengine. Shabani anatutupia sisi wote watatu. Shangazi anatufuata mimi na Shabani kwa kila takataka aliyonayo mkononi, lakini kaka yake akipandisha, anatupa. Nikatazama matokeo ya kila Jumapili. Baba Mkubwa wa kwanza, Shangazi wa pili, mimi wa tatu, Shabani wa mwisho. Jumapili baada ya Jumapili. Tumejipanga kwa mpangilio wa kuzaliwa.

Niliinuka kwenye kiti nikazunguka mapokezi. Meza yetu haichezwi kwa karata hata kidogo. Inachezwa kwa umri.

Na nikaona inapoanzia. Kila Jumapili, kabla ya karata kugawiwa, tunaandika salamu kwenye sehemu ya maongezi. Mimi naandika shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Shangazi. Wanaitikia marahaba. Halafu karata zinagawiwa, na kidole kile kile kilichoandika shikamoo ndicho natakiwa nimpandishie nacho. Kwetu mtu hapandishi hata sauti mbele ya mkubwa. Kumzuga ni zaidi ya kupandisha sauti. Kumzuga ni kumwambia uongo machoni.

Nilifurahi kupita kiasi. Najua ni ajabu kufurahia ugonjwa, lakini ugonjwa wenye jina ni nusu ya dawa, na mimi nilikuwa nimeumwa bila jina kwa muda mrefu.

Nikampigia Shabani. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Akacheka taratibu.

"Dada, kwani hukujua?" akasema. "Mimi yule ni baba yangu. Nimpandishie, halafu Idi nikienda nyumbani nimtazame vipi?"

"Kwa hiyo unatupa kwa makusudi?"

"Situpi kwa makusudi. Natupa tu. Mkono wenyewe unatupa."

Nikamwambia Jumapili hii tumrudishie mzee. Akasema nianze mimi, yeye atafuata akiona nimepona.

Basi nikaanza mazoezi. Niliingia kwenye meza za watu nisiowajua, na kabla ya karata kugawiwa nikawa nawaandikia wote "Shikamoo", halafu nawapandishia. Nilitaka nizoee hayo mawili yakae pamoja. Wengi hawakujibu, maana ni watu wa mbali, kuna mmoja mwenye picha ya mbwa aliyeniwekea alama ya kuuliza. Nilimwamkia mbwa yule siku mbili mfululizo na kumla chipu zake zote. Nikajiona nimehitimu.

Alhamisi nikaandika shikamoo kama kawaida, na mtu mmoja akajibu, "Marahaba mwanangu, hujambo?"

Mkono ukafa ganzi. Nilikuwa na karata tatu za namba ile ile, mkono wa kushinda kabisa. Akapandisha. Nikatupa.

Nilicheka peke yangu pale mapokezi mpaka mgeni wa chumba cha kona akatoka kuuliza kuna nini. Sikumjua mtu yule. Pengine hata si mzee, pengine ni kijana wa Dodoma aliyekuwa anatania. Neno moja tu lilitosha kunipokonya karata.

Sikuondoka kwenye meza ile. Nikamwambia sijambo, nikangoja, akapandisha tena, na safari hii nikajilazimisha. Nilibonyeza kitufe cha kupandisha huku nimefumba macho. Akanifuata. Karata zikafunuliwa, akanila. Nikawa natafuta maneno ya kumwomba radhi, yeye akaandika kabla yangu, "Safi sana mwanangu, huo ndio mchezo." Sijui alikuwa nani, lakini alinisaidia kuliko video zote nilizotazama.

Jumamosi nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari la Kilosa. Haikuwa lazima nije, ningeweza kucheza kutoka Mikumi kama siku zote. Lakini kama ni mchezo wa mwisho wa Baba Mkubwa, nilitaka niwe karibu. Na niseme ukweli, nilitaka kujipima. Kumpandishia mtu aliye mbali ni jambo moja. Tulipita kijiji cha Ulaya siku ya soko, baiskeli zimejaa matenga ya nyanya mpaka dereva akaenda mwendo wa miguu, na vumbi lilituingia mpaka kwenye meno. Njia nzima nilikuwa narudia michezo kichwani.

Nilimkuta barazani, mguu ameunyoosha juu ya stuli, redio pembeni. Nikapiga goti kidogo nikamwamkia.

"Marahaba, mama," akasema. "Gari limekuchosha?"

Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake, Bibi Zaina. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananitania, akiniona tu ananiamkia yeye, "Shikamoo, mama," mbele ya watu, na anasubiri niitikie. Sikuwahi kuitikia. Nilikuwa nakimbilia uani naficha uso kwenye kanga ya Mama Mkubwa, na baraza zima linacheka. Nilipokua aliacha mzaha ule, na sikuwahi kumwambia kwamba niliukosa.

Nilimpa dawa ya kuchua goti niliyomnunulia. Akashukuru. Nikamwuliza kwa uangalifu kama kweli kesho ni mwisho. Akasema ndiyo, hamu ya mchezo imemwisha. Akageukia redio.

Jioni ile nilikaa uani na Mama Mkubwa tukichagua mchele. Yeye ndiye mtu pekee wa nyumba hii asiyecheza, anasema karata zinamsinzisha. Akaanza yeye.

"Baba yako mkubwa siku hizi hatazami karata zake."

Sikuelewa. Nikauliza kama macho yanamsumbua.

"Macho mazima kabisa. Anazifunika. Ana kipande cha bahasha, anakiweka hapo chini ya simu penye zile karata zake mbili. Ikifika zamu yake anabonyeza kupandisha, nyie mnatupa. Nilimwuliza, mbona hutazami? Akaniambia, za nini."

Mikono yangu ilisimama kwenye ungo.

Ushindi wote ule, Jumapili zote zile, mzee alikuwa ameshinda bila kuziona karata. Nilitupa ree mbili mbele ya bahasha.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Alianza kwa kuwajaribu tu. Alidhani siku mtakayojua mtamcheka. Hamkujua." Mama Mkubwa akapuliza makapi. "Juzi alikuwa amekaa hapo, akasema, mimi kazi yangu yote ilikuwa kupisha treni, sikujua kupishwa kunachosha namna hii. Wenzake wa karata wamebaki wawili, na mmoja hasikii. Akiacha na hii, anabaki na redio, na redio haimjibu mtu. Lakini usimwambie nimekwambia."

Niliona aibu, na chini ya aibu nikaona kitu kingine kinachemka. Sio kwamba tulikuwa tumemchosha kwa kupigwa. Tulikuwa tumemwacha peke yake mezani kwa adabu zetu. Sikuwa na haja tena ya kumpiga. Nilichotakiwa kufanya ni kumfanya ainue ile bahasha.

Leo basi.

Baada ya Alasiri Baba Mkubwa alirudi barazani kwake na simu. Mimi nikabaki uani, mgongo ukutani, Mama Mkubwa kando yangu anasuka ukili. Kati yetu na yeye kuna ukumbi tu, na milango yote miwili ilikuwa wazi. Nilikuwa nasikia hata anavyokohoa. Tukaandika salamu zetu. Kwenye simu na kwa mdomo nilikuwa nimeshamwamkia mara tatu tangu asubuhi, na nilimpelekea maji ya kuoga mwenyewe.

Mchezo wa kwanza akapandisha. Nikatupa.

Wa pili akapandisha. Nikatupa. Mama Mkubwa akanitazama kwa pembe ya jicho akaendelea kusuka.

Shabani akaniandikia pembeni, "Umepona?" Nilijua kabisa la kufanya, nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki nzima, na mkono wenyewe ulikuwa unatupa.

Halafu nikagawiwa saba ya kopa na mbili ya shupaza. Wanaocheza wanajua, huo ndio mkono mbaya kuliko yote, hata mtoto anautupa. Baba Mkubwa akapandisha haraka vile vile. Shabani akatupa. Shangazi akatupa. Nikasikia kutoka barazani sauti ndogo ya mtu anayepiga mwayo.

Ule mwayo ndio ulioniudhi. Nikamfuata.

Karata tatu zikafunuliwa katikati. Ree ya uru, mfalme wa uru, nne ya pau. Kwangu hapakuwa na kitu, hata harufu. Baba Mkubwa akapandisha tena bila kungoja.

Nikaweka zote. Chipu zangu zote nikazisukuma katikati, mimi mwenye saba na mbili.

Barazani redio ikazimwa.

Halafu nikasikia karatasi. Mchakacho mdogo tu wa bahasha inayoinuliwa kwenye kioo. Mama Mkubwa aliusikia pia, kwa sababu mkono wake ulisimama kwenye ukili. Nikamsikia Baba Mkubwa anasema peke yake, "Enhe." Kiti kikalia, nadhani alikuwa anashusha mguu kutoka kwenye stuli. Akaita aletewe miwani. Mama Mkubwa akainuka mbio kuliko nilivyowahi kumwona.

Alifikiri muda wote aliopewa na programu, na ulipoisha akaomba wa ziada. Mimi nilikuwa nimeuma kona ya kanga. Kila nilichofundishwa tangu utoto kilikuwa kinaniambia niinuke, niende barazani, nipige goti na kusema Baba Mkubwa samahani, sina kitu, nilikuwa nakudanganya. Nilikaa. Nilikalia mikono yangu mwenyewe. Kwa mara ya kwanza kwenye meza ile kulikuwa na mtu anayejiuliza mwenzake ana nini, na mtu huyo alikuwa Baba Mkubwa, na aliyekuwa anaulizwa ni mimi.

Akatupa.

Programu inakuruhusu kuonyesha karata zako baada ya mwenzako kutupa, au kuzificha. Mwenye akili anazificha. Mimi nilizionyesha. Saba ya kopa, mbili ya shupaza, zikakaa pale mezani mbele ya ukoo mzima.

Nilijua Shabani ameshika kichwa huko Morogoro na Shangazi amesimama wima juu ya kichuguu. Nikasubiri. Nilijiambia labda nimeharibu, labda nimemvunjia heshima mzee wa watu nyumbani kwake.

Kutoka barazani ikaja sauti, ya juu, ya kupita ukumbi mzima, ya kusikika mpaka kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

Kwetu mtu akikuzidi kabisa unaweza kumtupia salamu hiyo kwa utani, awe wa umri wowote. Lakini hii ilikuwa ile ya utoto wangu, sauti ile ile, na alikuwa anangoja. Macho yangu yalikuwa yameshaenda kwenye kanga ya Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa akaivuta kanga yake pembeni. "Itikia," akasema. "Mtu mzima huyo amekuamkia."

Nikavuta pumzi.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Hujambo?"

Alicheka mpaka akakohoa. Alicheka kwa muda mrefu, anapumzika, anaanza tena, na nikamsikia anapiga paja lake. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa na karata mbili za tisa, mkono mzuri tu, lakini alivyoona ree na mfalme mezani akaamini ninazo. "Nilikuamini," akasema, na alisema kwa furaha kabisa, kana kwamba nimempa zawadi.

Baada ya hapo meza ilichafuka. Shangazi alimpandishia kaka yake mchezo uliofuata, wa kwanza maishani mwake nadhani, akaandika kwa herufi kubwa kwamba leo hapishwi mtu. Shabani akanirudishia mimi, kisha akamrudishia baba yake, kisha akaandika "samahani mzee", na mzee akamjibu asiombe samahani, aweke chipu. Tulicheza mpaka adhana ya Magharibi ikakaribia. Tulikuwa tunapiga kelele watu wanne tulio sehemu tatu tofauti.

Matokeo: Shangazi Mwajuma wa kwanza, juu ya kichuguu chake. Shabani wa pili. Baba Mkubwa wa tatu. Mimi wa mwisho, tena mbali. Nilizuga mara nyingi mno baada ya ile ya kwanza, nililewa utamu wake, na Baba Mkubwa alinikamata mara mbili akiwa na miwani usoni na karata zake wazi. Hilo nitalirekebisha. Kesho nikifika Mikumi, mchana gesti ikilala, nitafungua marudio ya leo niyatazame moja moja, na nina hamu nayo kweli, sijawahi kuwa na hamu hivyo ya kujitazama nikipigwa.

Nimeingia jikoni sasa hivi kuchukua maji, nikakuta Mama Mkubwa anawasha mkaa kwa kile kipande cha bahasha.

Baba Mkubwa hakutangaza kwamba haondoki. Amepita hapa uani akielekea kuswali, anachechemea, akasimama juu yangu akauliza kama Jumapili ijayo tunaweza kuanza mapema kidogo, maana leo muda haukutosha. Nikasema inawezekana. Akasema vizuri, na akaniambia nikafanye mazoezi, kwa sababu saba na mbili hazitanifaa mara ya pili.

Wananiita kula. Jumapili ijayo nitamwamkia kwanza, kama nilivyolelewa. Halafu nitampandishia.